Homa iliyokuja na kupoa si ushahidi kwamba kinga imeua VVU

*"Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko Mbeya. Siku 19 zilizopita nililala na mwanamke bila kondomu. Baadaye nikasikia kwa mtu wake wa karibu kwamba anaishi na VVU na dawa aliacha muda mrefu. Siku ya nne nikapima, majibu hasi. Siku ya 14 nikapata homa, koo likauma, tezi zikavimba shingoni, vipele vidogo vikatoka kifuani. Malaria hakuna. Juzi nimerudia kipimo cha kidole, hasi tena, na homa imeisha. Rafiki yangu anauza virutubisho vya kupandisha kinga. Anasema ile homa ilikuwa kinga yangu inapambana, na kwa kuwa imepoa na kipimo ni hasi, basi imeviua. Niongezee tu nguvu kwa dozi ya mwezi mmoja. Lakini nimesoma kwamba virusi hivi vina protini za kuuchanganya mwili mwanzoni usijue kilichoingia. Lipi la kweli? Kama mwili haujui, homa ilitoka wapi? Na nina mchumba, sijamwambia chochote."*

Marahaba, mdogo wangu. Nitakueleza kwa kirefu, ila kuna mambo hayasubiri maelezo. Nenda leo kwenye kituo chenye kliniki ya CTC, yaani ya tiba na matunzo ya VVU, usiishie duka la dawa. Wape tarehe ya tendo, tarehe homa ilipoanza, na uwaambie kwamba vipimo vyako vyote viwili vilikuwa vya haraka, vya kutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi. Omba kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Mpaka majibu yatoke, usilale na mchumba wako bila kondomu, usichangie damu, na hiyo dozi ya mwezi mmoja usiinunue.

Sasa tuje kwenye swali. Unataka kujua kama homa iliyokuja ikaondoka ni dalili ya ushindi, na pia inakuwaje mwili udanganywe usijue kitu, kisha huohuo uchemke kwa homa. La kwanza jibu lake ni hapana. La pili linahitaji maelezo, kwa sababu mambo yote mawili ni kweli, ila hayatokei siku moja. VVU hunyamaza kwanza, halafu huzusha vurugu. Na kinachonisukuma kukuandikia kwa urefu huu ni kwamba virusi hunufaika na ukimya, na hunufaika na vurugu pia. Rafiki yako anadhani kinga ikichemka zaidi ndiyo salama zaidi. Kwa maradhi mengi hilo lina ukweli wake. Kwa VVU ni hatari kulitegemea.

Niseme pia kwamba si kila homa yenye tezi na vipele ni VVU. Dengi huweza kuja hivyo, kaswende ya hatua ya pili nayo huleta vipele na tezi, na kuna virusi vingine vya koo vinavyofanana kabisa. Siwezi kukupima kwa maandishi. Ila historia yako na tarehe zako zinatosha kumfanya daktari yeyote makini alichukulie jambo hili kwa uzito hadi lithibitishwe vinginevyo.

Kila seli ya mwili ina vitambuzi vinavyokagua vitu vya kigeni. Kimoja kinaitwa cGAS, na kazi yake ni kutafuta DNA iliyo mahali isipopaswa kuwa, yaani nje ya kiini cha seli. Kikiigusa, huamsha protini nyingine iitwayo STING, nayo huamsha nyingine, mpaka seli inatoa interferoni. Interferoni ni mbiu ya mgambo. Ikilia, seli za jirani ambazo bado hazijaguswa huwasha mamia ya jeni za ulinzi: nyingine za kukata vinasaba vya mvamizi, nyingine za kumzuia asitoke, nyingine za kuwaita askari wa kinga. Kirusi cha mafua kikiingia, mbiu hulia ndani ya muda mfupi, ndiyo maana unajisikia mgonjwa siku moja au mbili baadaye.

VVU vilistahili kupigiwa mbiu hiyo mara moja. Vinaingia vikiwa na RNA, aina nyingine ya vinasaba, kisha vinaigeuza kuwa DNA ndani ya seli, nje ya kiini, palepale cGAS inapokagua. Hata hivyo kwa takriban siku kumi za mwanzo hakuna homa, na kirusi hakionekani hata kwenye damu. Kipimo chako cha siku ya nne kilifanywa katikati ya ukimya huo. Hakikuwa na chochote cha kuona, hata kama maambukizi yalikuwa yamekwishaanza.

Ukimya huo unatokana kwanza na gamba la kirusi, kapsidi. Ni umbo la pia, lililojengwa kwa vipande vya protini moja vinavyokaribia 1,500 vilivyopangwa kwa makundi ya sita sita, na pale linapopinda kwa makundi ya tano tano. Zamani tulifundishwa kwamba kapsidi huvunjika mara tu kirusi kinapoingia kwenye seli. Ushahidi wa miaka ya karibuni umebadilisha picha: gamba husafiri likiwa zima au karibu zima mpaka kwenye tundu la kiini, na DNA hujengwa humohumo ndani, malighafi zikipenya kwenye vitundu vidogo vya gamba. Maabara wakitengeneza kirusi chenye gamba linaloachia mapema, au lisiloweza kushikana na protini fulani za seli zinazolisaidia kujificha, mbiu hulia na kirusi hukwama. Jingine la kusikitisha ni kwamba seli yenyewe ina kimeng'enya kiitwacho TREX1, ambacho husafisha mabaki ya DNA ili tusijishambulie wenyewe. VVU hufaidika na usafi huo, kwa kuwa vipande vya DNA yake vilivyomwagika njiani hufagiliwa kabla cGAS haijavigusa.

Kisha kuna protini ndogo ulizozisoma. VVU vina jeni tisa tu, wakati sisi tuna takriban 20,000 za kutengeneza protini, na kati ya hizo tisa kadhaa kazi yake kubwa ni kuzima ulinzi wetu.

Chukua Vif, yenye amino asidi 192 tu. Seli zetu za CD4, zile za kinga ambazo VVU huzivamia, zina kimeng'enya kinachoitwa APOBEC3G. Kikipata nafasi ya kupanda ndani ya kirusi kipya kinachotengenezwa, kirusi hicho kikiingia seli nyingine, APOBEC3G hubadilisha herufi za DNA yake wakati inaandikwa. Herufi zinabadilika nyingi kiasi kwamba kinachobaki hakisomeki, na kirusi kinakufa. Ni silaha nzuri, tena tulizaliwa nayo. Vif hufanya nini? Haipigani nayo uso kwa uso. Huishika APOBEC3G kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine hushika mashine ya seli yenyewe inayoweka alama kwenye protini chakavu zipelekwe kusagwa. Seli inasaga silaha yake ikidhani inatupa taka. Jambo hili lilifumbuliwa kuanzia 2002, na mpaka leo nikilifundisha darasani naona wanafunzi wananyamaza.

Vpu inafuata mtindo uleule kwa protini nyingine, tetherini. Tetherini hukaa kwenye utando wa seli na kuvishika virusi vipya vinapotaka kuondoka; hubaki vinaning'inia nje ya seli. Na haikomei kushika tu, kwani ikishika, hupeleka ishara ndani kwamba kuna kirusi kinatoka. Vpu huiondoa kwenye utando, kwa hiyo hupata mambo mawili kwa mkupuo: virusi vinaondoka, na taarifa haifiki.

Nef ndiyo yenye kazi nyingi kuliko zote. Seli iliyoambukizwa huonyesha nje vipande vya kilichomo ndani yake, vikiwa vimewekwa kwenye protini za kundi la HLA, ili seli T za kuua zivione na kuiangamiza. Nef huziondoa HLA za aina A na B. Ingeziondoa zote, seli nyingine za kinga zinazoitwa seli uuaji asilia, ambazo hushambulia seli isiyo na HLA kabisa, zingegundua. Kwa hiyo aina ya C Nef haiigusi. Umuhimu wa protini hii ulionekana kwa watu halisi huko Sydney, Australia. Mchangiaji damu mmoja alikuwa na VVU ambavyo jeni ya Nef ilikuwa na pengo, na waliopewa damu yake waliambukizwa kirusi hichohicho. Taarifa ya 1995 ilionyesha kwamba miaka mingi baadaye walikuwa wazima kuliko ilivyotarajiwa, bila dawa. Baadhi yao CD4 zilianza kushuka baadaye, kwa hiyo haikuwa kinga kamili, lakini tofauti ilikuwa kubwa.

Hapo utaona kosa la kwanza la hoja ya virutubisho. Mwili wako haukosi nguvu. APOBEC3G unayo, tetherini unayo, HLA unazo, na ukiwa kijana wa miaka 27 zinafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba ishara zinakatwa njiani na silaha zinatupwa. Kuongeza vitamini hakuizuii Vif kushika APOBEC3G.

Basi homa ilitoka wapi? Hapa mji wenu wa Mbeya una mchango unaostahili kujulikana zaidi. Katika utafiti uitwao RV217, watu waliokuwa hawana VVU lakini wako kwenye hatari kubwa, wa Mbeya, Kericho, Kampala na Thailand, walikubali kutobolewa kidole mara mbili kwa wiki ili wakiambukizwa kirusi kigunduliwe siku zilezile kinapoingia kwenye damu. Matokeo yalitolewa 2016. Tangu kirusi kionekane kwa mara ya kwanza mpaka kilele cha wingi wake zilipita siku 13 kwa mtu wa katikati, na kilele hicho kilikuwa virusi milioni kadhaa kwa kila mililita ya damu. Kisha wingi ukashuka, na kufikia kama siku ya 31 ulikuwa umetulia kwenye kiwango cha chini, ila haukuisha. Dalili zilijikusanya siku chache kabla ya kilele, kisha zikapotea zenyewe.

Linganisha na kalenda yako: siku kumi za ukimya, kisha kupanda, homa siku ya 14, kisha nafuu. Ikiwa ni VVU, homa ilikuwa pale virusi vinapozaana kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Mbiu ilikuwa imelia hatimaye, kwa sauti kubwa mno, na imechelewa. Damu ya mtu aliye katika hatua hiyo imejaa interferoni na kemikali nyingine za kinga, sitokini, kwa wingi unaozidi ule unaoonekana kwenye maambukizi mapya ya homa ya ini B. Zinazokupa homa na koo kuuma ni hizo.

Tatizo lake ni hili. VVU huingia kwenye seli zenye CD4, na huzaana vizuri zaidi kwenye zile zilizoamshwa. Mbiu ikilia, seli za CD4 huamka, huzaliana, hukimbilia kwenye tukio, na zinapofika ndizo zinazovamiwa. Sehemu kubwa ya hasara hutokea kwenye utumbo, ambako CD4 hupotea kwa wingi ndani ya wiki chache. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, chembechembe za bakteria huvuja kuingia kwenye damu, na kinga hubaki imewashwa muda wote hata homa ikishaisha. Kwa hiyo homa kupoa hakumaanishi kwamba virusi vimeisha.

Nyani na tumbili wametufundisha jambo hili vizuri. Katika majaribio ya kima wa Asia yaliyochapishwa 2014, waliopewa interferoni kabla ya kuambukizwa walikuwa wagumu kuambukizwa. Lakini ilipoendelea kutolewa, seli zao ziliacha kuisikia, na hali yao ikawa mbaya zaidi. Waliozibiwa interferoni mwanzoni nao walidhurika haraka. Maana yake ni kwamba mbiu inafaa ikilia mapema na kukoma kwa wakati. Tumbili wa Afrika, jamii ya hawa wanaotuibia mahindi mashambani, hubeba virusi ndugu wa VVU maisha yao yote na kwa kawaida hawaugui UKIMWI. Mwanzoni nao interferoni yao hupanda, kisha ndani ya wiki chache inazimika, ingawa virusi bado wanavyo. Wanapona madhara kwa kuwa kinga yao inajua kunyamaza.

Na si wanyama tu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Nairobi wamewafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono eneo la Majengo, Pumwani, na wakakuta wachache waliokutana na VVU mara nyingi kwa miaka bila kuambukizwa. Wengi tungetarajia kinga yao iwe kali kupindukia. Uchunguzi wa seli zao ulionyesha kinyume chake, kinga iliyotulia, yenye seli chache zilizoamshwa. Tena hata hao, baadhi waliambukizwa baadaye, wengine baada ya kupumzika kazi hiyo kwa muda. Kwa hiyo sithubutu kumwambia mtu yeyote kwamba ana damu isiyoshika VVU.

Nikirudi kwa rafiki yako, simhukumu, huenda anaamini anachouza. Lakini fedha hiyo itakufaa zaidi kwa nauli ya hospitali. Na kama itatokea unahitaji dawa, ujue virutubisho vingi vina kalsiamu, chuma, magnesiamu au zinki, na madini hayo hushikamana na dolutegravir, mojawapo ya dawa za VVU, tumboni ikashindwa kuingia vizuri mwilini. Kama tayari umeanza kuvitumia, mwambie mhudumu.

Tuje kwenye vipimo. Kipimo cha kidole hutafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki tatu au zaidi kuzitengeneza za kutosha; kwa wachache hufika miezi mitatu. Hasi ya siku ya 17 haina uzito unaoudhani. Kipimo kinachotafuta pia protini ya kirusi iitwayo p24 huona mapema zaidi, na kipimo cha RNA mapema kuliko vyote, kwa kawaida kuanzia siku ya kumi na kuendelea. Mtu mwenye homa kutokana na VVU, RNA yake huwa juu sana, haijifichi. Kama kituo kitakuambia hakina, uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa: mashine za GeneXpert zilizozoeleka kwa kifua kikuu zinaweza kusoma RNA ya VVU zikiwekewa katriji yake. Omba pia kipimo cha kaswende.

PEP, zile dawa za dharura za siku 28, zilipaswa kuanza ndani ya saa 72. Muda huo umekupita, na nasikitika kwamba ulipopima siku ya nne ulikuwa umepitwa kwa siku moja tu. Usianze PrEP, zile dawa za kujikinga kabla ya kukutana na VVU, kwa kukisia. Ukiwa na VVU tayari, dawa mbili za PrEP hazitoshi kuvizuia na zinaweza kuvifundisha usugu.

RNA ikionekana, anza ARV siku hiyohiyo au mara baada ya kuthibitishwa. Usikubali kusubiri mpaka CD4 zishuke; utaratibu huo Shirika la Afya Duniani liliuacha 2015. Ukianza mapema hivi, utumbo wako utapoteza kidogo, na akiba ya virusi vinavyolala ndani ya seli itakuwa ndogo. Haitakuwa sifuri. Mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, alianzishiwa dawa akiwa na takriban saa 30 tangu azaliwe, akakaa zaidi ya miaka miwili bila dawa wala virusi kuonekana, na mwaka 2014 vikarudi. Kwa hiyo dawa ni za kuendelea nazo, na ukiendelea nazo mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hutamwambukiza mwenza wako kwa ngono. Jambo moja wengi hawaelezwi: ukianza mapema sana, kingamwili zako zinaweza kubaki chache, na kipimo cha kidole cha baadaye kikatoa hasi au kikasitasita. Usije ukaacha dawa kwa sababu hiyo.

RNA isipoonekana, hiyo ni habari njema sana kwa siku uliyofikia. Hata hivyo rudia kipimo wiki ya sita na ya 12, kisha zungumza nao kuhusu PrEP ikiwa maisha yako yana hatari ya kujirudia. Kuna vidonge, na sasa kuna sindano ya lenakapavir ya kila miezi sita, ambayo inashambulia kapsidi ileile niliyokueleza. Katika jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, matokeo ya 2024. Uliza kama imefika kwenu.

Ukipata maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, au homa ikirudi na kukaa, usisubiri majibu ya kipimo chochote. Nenda hospitali usiku huohuo, maana maambukizi mapya ya VVU wakati mwingine hugusa utando wa ubongo.

Mchumba wako umemtaja mwisho, nami nadhani ndiye anayekunyima usingizi. Huu ndio wakati mtu mwenye maambukizi huambukiza kwa urahisi zaidi, kwa sababu ya yale mamilioni kwa kila mililita. Mweleze. Kama maneno hayatoki, mshauri wa pale CTC atakaa nanyi wawili. Ni kazi yao ya kila siku na wanaijua. Na kama mmelala pamoja bila kondomu ndani ya siku tatu hizi, usingoje majibu yako ndipo umwambie. Saa 72 zilizokupita wewe, yeye bado anazo. Nenda naye leo, ombeni apimwe na aangaliwe kama anastahili kuanza PEP.